Mwalimu Yoramu na Maneno ya Amana

Kabla hajawa mwalimu, Yoramu Madeje alikuwa mpishi wa Wazungu wa misheni kwa miaka saba, na mkate wake ulisifiwa kwa ulaini. Nalitaja hili mapema kwa sababu lilimletea taabu.

Ilikuwa wakati wa Wajerumani, reli ilipokwisha kupita Dodoma ikielekea magharibi. Kijiji chao, Mlowela, kilikuwa upande wa Kongwa. Misheni ilikuwa na kanisa la matofali mabichi, nyumba ya Bwana Henze na mkewe, na chumba kimoja cha tembe ambacho ndicho kilikuwa darasa la watoto wadogo. Mwalimu wa kwanza wa darasa hilo alikwenda kufanya kazi relini, hata kwaheri hakusema. Bwana Henze akatafuta mtu anayejua kusoma na kuandika na ambaye hatakwenda relini. Akampata mmoja tu, naye alikuwa jikoni kwake, mikono imejaa unga.

Hivyo ndivyo Yoramu alivyoupata ualimu. Jikoni alikuwa akiitwa kwa kengele. Darasani kengele aliipiga yeye.

Nafasi yake jikoni aliichukua Hasani, mtu wa Kondoa, mpole, mswalihina, aliyejua kupika wali na nyama vizuri sana. Mkate hakuujua. Aliuoka hivyo hivyo kila siku, na Bibi Henze aliukata kila siku, wakati mwingine kwa msumeno mdogo wa mumewe, wala hakunung'unika.

Bibi yangu Loisi, mama yake baba, alikuwa mmoja wa watoto kumi na wanane wa darasa la Yoramu. Alikuwa na miaka saba au minane. Haya yote nimeyapata kwake, naye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi, hata kwenye mlenda.

Alisema vibao vya mawe vya kuandikia vilikuwepo, lakini Bwana Henze alivifungia kabatini visivunjike, na kweli havikuvunjika. Yoramu akaona atakaa na watoto mikono mitupu mpaka Yesu arudi. Akazunguka vijijini akiokota vigae vya vyungu vilivyovunjika, na juu ya kila kigae akaandika neno moja kwa kaa la moto lililozimika. Mbuzi. Maji. Jiwe. Nyuki. Kila mtoto alipewa kigae chake mkononi, na baadaye vingine.

"Hili ni lako," alimwambia. "Lilinde. Likifutika, liandike tena mwenyewe. Ukilipoteza sina jingine."

Watoto walivipeleka nyumbani, wakavificha juu ya dari kwenye mbegu za mtama, na asubuhi wakavirudisha. Mchana kutwa walisomeana kwa sauti, kila mtoto akiyasikia na kuyaona maneno ya wenzake. Lakini kigae cha Sila kilibaki cha Sila. Ni maneno mawili tu yaliyokuwa ya wote, nayo ni Mungu na Yesu, kwa kuwa Yoramu aliyaandika ukutani kwa chokaa. Aliona si vema mtoto mmoja kwenda nayo kwao peke yake.

Asubuhi Yoramu alisimama mlangoni pa darasa kama mwenye ng'ombe asimamavyo jioni mlangoni pa zizi. Kwetu Ugogo ng'ombe hawahesabiwi. Ukisema ninao kadhaa, umewatangazia fisi na maradhi. Wewe unasimama, wanapita, na wa mwisho akishaingia unajua kwamba yule mweusi wa pembe iliyopinda hayupo. Watoto nao hawahesabiwi. Yoramu alikuwa Mkristo aliyebatizwa, lakini hakuona sababu ya kuwaudhi mama zao. Basi alisimama tu.

"Loisi, nyuki wako wapi leo?"

"Wamebaki kwa bibi, mwalimu. Walilowa."

"Waanike. Kesho waje."

Kwa njia hiyo alijua kila mtoto ana maneno gani, lipi limekomaa na lipi bado linayumba, ingawa ungemwuliza ni mangapi asingekujibu.

Mwaka wa pili barua ikafika kutoka kwa wakubwa wa misheni huko pwani. Bwana Henze akamwita Yoramu barazani.

"Wakubwa wanataka kujua watoto wadogo wanaweza kuandika maneno mangapi bila msaada," alisema. "Neno la kutoka kichwani, si la kunakili. Watoto kumi na wawili wakifikisha maneno ishirini kila mmoja, darasa linabaki. Wasipofikisha, tunalifunga, nawe utarudi jikoni."

Yoramu akaangalia chini.

"Jikoni si mahali pabaya," Bwana Henze akasema.

"Si pabaya, Bwana."

"Hasani anajitahidi."

"Anajitahidi sana, Bwana."

Bwana Henze alikuwa mtu mwadilifu. Alijua tumbo lake liko upande gani katika shauri hilo, kwa hiyo akakusudia kulifanya kwa haki zaidi ya ilivyotakiwa. Alitoa vibao kabatini. Alikuja na kichupa cha mchanga, kile kile ambacho Yoramu alikuwa akipimia mayai ya kuchemsha. Mchanga ungeshuka mara tatu, na katika muda huo kila mtoto aandike kila neno aliloweza kuandika, lolote lile, na asiambiwe kitu.

Watoto wakaandika. Mchanga haujashuka mara ya pili, wote walikuwa wameweka kalamu chini na kukunja mikono. Bwana Henze akapita akihesabu moyoni. Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi. Kumi na moja. Alipomaliza akarudi mbele akiwa na uso wa huzuni, na nadhani huzuni yenyewe ilikuwa ya kweli.

"Wote wameandika Mungu na Yesu," alisema. "Hilo limenifurahisha. Nitarudi baada ya siku arobaini, Yoramu. Ndiyo itakuwa mara ya mwisho."

Alipoondoka, Yoramu hakukasirika. Alishangaa tu. Alimwita Loisi.

"Mama, hujui kuandika mbuzi?"

"Najua, mwalimu."

"Andika."

Loisi akainama, akaandika mbuzi mavumbini kwa kidole, vizuri kabisa.

"Mbona kwenye kibao hukuandika?"

"Mbuzi ni wa Sila."

"Na maji?"

"Maji ni ya Zipora." Akamtazama mwalimu kama anayemwonea huruma. "Mwalimu, hata ng'ombe wa kina Sila nawajua wote. Lakini siendi kuwakamua."

Yoramu akakaa juu ya jiwe la mlangoni. Watoto kumi na wanane walijua maneno mia na zaidi, na kila mmoja alikuwa ameandika mali yake tu, kwa heshima, akaacha ya wenzake. Adabu hiyo walifundishwa nyumbani, na yeye ndiye aliyewapa vigae na kusema hili ni lako.

Kesho yake akawatangazia kwamba kuanzia sasa maneno yote ni ya wote. Kisha Sila akaangua kilio, na Zipora, ambaye hakuwa mtoto wa kulia, akakusanya vigae vyake ndani ya nguo, akatoka, akaenda kwao.

Jioni baba yake Sila, Mzee Bartolomayo, akafika kwa Yoramu na fimbo yake.

"Mbukwa, mwalimu."

"Mbukwa, mzee. Karibu ukae."

"Nitasimama. Mwanangu ulimpa maneno wewe mwenyewe, au aliyaiba?"

"Nilimpa mimi, mzee."

"Mimi sijui kusoma. Lakini ninayajua, ananisomea kila jioni. Mbuzi, mtama, mvua, zizi. Nikawaambia ndugu zangu, huyu mtoto ana kitu. Leo anarudi analia, mwalimu amemnyang'anya, amewagawia watu. Kwa kosa gani?"

"Hana kosa. Mzungu anataka kila mtoto aandike maneno mengi. Wasipoandika, darasa linafungwa nami narudi kupika."

"Ulipika vizuri, nasikia."

"Ndivyo wanavyosema."

Mzee Bartolomayo akafikiri kidogo, na sasa akakaa. "Lakini shida iko wapi? Mimi nina ng'ombe kwa shemeji yangu Mtera. Anawakamua, anakunywa maziwa, watoto wake wananenepa. Ng'ombe ni wangu, ndama ni wangu, mmoja akifa ananiletea ngozi. Je, shemeji ni mwizi? Mimi nimekuwa maskini? Hao watoto si wawekeane amana kama watu?"

Yoramu alikuwa amesali tangu jana apewe njia, na hakutegemea ingekuja imeshika fimbo na kumgombeza.

Ndipo kazi ikaanza. Kuweka amana kunataka wawili wakubaliane na wa tatu ashuhudie, na shahidi alikuwa Yoramu. Siku nyingi darasa halikufanya jambo jingine. Bibi yangu alikumbuka jinsi alivyomwendea Zipora kuomba maji, maana maji kila mtoto aliyataka na Zipora alijua hivyo.

"Utayatunza?" Zipora akamwuliza.

"Nitayatunza."

"Yakikufia?"

"Neno halifi, wewe."

"Mjomba wako alisema hivyo hivyo juu ya ndama wa baba."

"Mjomba ni mjomba. Mimi nimekuja mwenyewe."

"Kila Ijumaa uyaandike niyaone kama ni mazima."

"Nitayaandika."

"Na mimi niwekee nyuki."

Wakatazamana, wakakubaliana, Yoramu akaitikia kwamba ameona. Loisi hakupewa kigae, kigae hubaki kwa mwenyewe. Alipewa ruhusa tu, naye akaandika maji mavumbini mara tatu mbele ya mwenye maji. Mwisho wa mwezi mtoto mmoja alikuwa na amana za watu kumi, na wote walijua ya nani iko kwa nani. Yoramu hakuandika popote. Alisimama tu mlangoni kila asubuhi.

Siku ya arobaini Bwana Henze akaja na mkewe, vibao na kichupa cha mchanga. Wazazi walikuwa wamesikia, wakaegemea ukuta wa nje karibu na dirisha, Mzee Bartolomayo mbele yao. Mchanga ukageuzwa. Safari hii kalamu zililia juu ya mawe mpaka mchanga wa tatu ulipokwisha, na mtoto mmoja akaomba waugeuze tena.

Bwana Henze akaanza na kibao cha Loisi. Akahesabu moyoni, akarudia kuhesabu. Yalikuwa ishirini na manane. Akamtazama mtoto, kisha akatazama benchi. Watoto walikuwa wamekaa wamebanana, bega kwa bega.

"Vizuri, Loisi. Hili neno, mbuzi, umelipata wapi?"

"Kwa Sila, Bwana," Loisi akajibu. Alifundishwa kutosema uongo, hasa mbele ya Mzungu wa kanisa.

Sila alikuwa amekaa kulia kwake.

"Na maji?"

"Kwa Zipora."

Zipora alikuwa kushoto.

"Na haya? Mvua? Chumvi? Jembe?"

Loisi akamtajia watu wote, mmoja mmoja, na kila alipotaja jina mwenyewe aliitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Bwana Henze akauweka kibao chini taratibu. Akamwuliza mtoto wa pili, naye akataja wenzake. Wa tatu vilevile.

"Yoramu," akasema, "wamenakiliana darasa zima. Na wanakiri bila hofu. Sijaona jambo kama hili."

"Hawakunakiliana, Bwana. Kila mmoja ameandika anachokijua."

"Basi waambie waseme ni maneno yao, na shauri liishe. Nitakuamini."

Bibi yangu alisema hapo chumba kizima kilimtazama mwalimu. Neno moja tu lilitakiwa, tena Bwana mwenyewe amelileta mkononi. Yoramu alikuwa amesimama karibu na ukuta wa chokaa, mikono nyuma kama alivyozoea kusimama mezani pa Wazungu. Dirishani Mzee Bartolomayo hakutikisika.

"Siwezi, Bwana," alisema. "Si yao. Mbuzi ni wa Sila. Walipowekeana mimi nilikuwepo. Mimi ni shahidi. Nikisema leo ni ya Loisi, nimemwibia Sila, na kesho hakuna mtoto atakayemwekea mwenzake neno."

"Kama si yao siwezi kuyahesabu."

"Nimesikia, Bwana."

"Unajua maana yake."

"Najua. Kesho asubuhi nitawasha tanuri."

Ndipo Bibi Henze, ambaye hakuwa na desturi ya kusema darasani, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Anayenakili huhitaji mtu wa kumnakili. Mtoeni mtoto nje peke yake, aandike tena."

Mumewe akamtazama. Mkewe ndiye aliyekuwa akikata mkate kwa msumeno, na yeye ndiye aliyesema.

Loisi akapelekwa nyuma ya kanisa, akakalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, kibao kitupu magotini, Bibi Henze akiwa amesimama karibu na kichupa. Hapakuwa na mtu mwingine ila kuku wawili. Loisi akaandika. Mchanga uliposhuka mara tatu yalikuwa thelathini na moja, kwa sababu darasani alikuwa amesahau amana tatu na alipokuwa akitembea alizikumbuka.

"Ya nani haya?" Bibi Henze akauliza.

Loisi akasema kila neno na mwenye nalo. Bibi Henze akaandika majina kwenye karatasi, akaingia darasani, akawauliza wenyewe mmoja mmoja wameweka nini kwa Loisi. Majibu yalifanana yote. Bwana Henze alikuwa ameamua mashauri ya Ugogo kwa miaka tisa, ya mipaka, ya mahari, ya mbuzi waliokula mtama, na hakuwa amepata kuona watu wawili wakisema jambo moja. Sasa aliona kumi na wanane.

Ikabidi wote watolewe nje, mmoja baada ya mwingine, wakae juu ya kinu. Kazi ilikwenda mpaka ng'ombe wakarudi. Bwana Henze alihesabu vibao kwa sauti kwa Kijerumani, na kwa kuwa wazazi hawakujua Kijerumani, hawakuona mtoto wa mtu amehesabiwa, na hakuna aliyeudhika.

Watoto kumi na wanne walipita ishirini. Wanne hawakufika, na wa chini kabisa alikuwa Sila, aliyeandika kumi na moja. Alikuwa na maneno yaliyopendwa kuliko ya wote na alikuwa amewawekea watu darasa zima, lakini yeye mwenyewe hakukubali kuwekewa. Alisema hapendi kukaa na mali ya watu.

"Darasa linabaki," Bwana Henze akasema.

"Asante, Bwana," Yoramu akasema. Akaomba ruhusa watoto waende, maana ndama walikuwa wanalia.

Bibi yangu alinieleza kwamba usiku huo hakukuwa na sherehe. Ruthu, mkewe Yoramu, alimpikia ugali wa uwele, wakala, wakasali, wakalala.

Asubuhi Mzee Bartolomayo alikuwa amefika mlangoni pa darasa kabla ya watoto, amemshika Sila mkono.

"Mwalimu, nimedharauliwa. Nimeambiwa mwanangu ndiye wa mwisho."

"Ni kweli, mzee."

"Na ndiye tajiri."

"Ni kweli pia. Hataki kupokea."

Mzee akamgeukia mtoto. "Unanionaje mimi? Zizini kwetu unadhani ng'ombe wote ni wangu?"

Sila akamwangalia baba yake. Hilo hakuwa akilijua. Alikuwa akilala karibu na ng'ombe hao tangu alipozaliwa.

"Yule mwekundu unayempenda ni wa mjomba wa mama yako," mzee akasema. "Na yule asiye na mkia. Na mama yake. Nimewatunza tangu hujazaliwa, na uso wangu haujaanguka. Ingia ukaombe."

Watoto walikuwa wamefika, wamesimama uani na vigae vyao. Sila akawapita wote akichagua, akamwendea Loisi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtaja kwa Mzungu, na akasimama mbele yake.

"Unataka nini?" Loisi akamwuliza.

"Niwekee kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote."

"Chochote hakiwekwi. Sema."

Sila akavitazama vigae vya Loisi. "Moto," akasema mwishowe.

Loisi akatafuta kigae cha moto katika vigae vyake, akamwonyesha. Sila akapiga magoti, akaandika mavumbini. Herufi ya mwisho ilimpinda, akaifuta kwa kiganja, akaandika upya. Loisi akaiangalia pande zote mbili kama mtu anayekagua kwato.

"Kila Ijumaa niuone," akasema.

"Utauona."

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona," Yoramu akasema, kisha akahama mlangoni wapite waingie.

Alifundisha darasa hilo mpaka vita vya Wazungu vilipofika kwetu na misheni ikafungwa.